Jumanne Mia Moja: "Mystery Spot" ya Supernatural Ilivyojengwa

Hadithi ya siku inayojirudia huharibika mapema, mara nyingi kwa kosa moja: mwandishi anaanza kurudia kabla mtazamaji hajaikariri siku yenyewe. "Mystery Spot", sehemu ya 11 ya msimu wa 3 wa Supernatural, tamthilia ya televisheni ya Marekani, iliyorushwa Marekani tarehe 14 Februari 2008, haina pupa hiyo. Kisa ni cha Jeremy Carver na Emily McLaughlin, skripti ya Carver, mwongozaji Kim Manners. Kwa anayetaka kujifunza kazi hii, naona hakuna sehemu nyingine katika misimu yote 15 inayofundisha zaidi.

Sam na Dean Winchester, ndugu wawili wanaowinda mazimwi, wako Broward County, Florida, wakimtafuta mtu aliyepotelea kwenye kivutio cha watalii kinachojitangaza kuwa hapo kanuni za fizikia hazifuatwi. Wanaingia usiku, mwenye mahali anampiga Dean risasi, Dean anafia mikononi mwa mdogo wake. Sam anashtuka kitandani. Ni asubuhi ya Jumanne ileile.

Jumanne ya kwanza ni kama daftari la mwenye duka: kila kinachoandikwa kitadaiwa baadaye. Redio inapiga "Heat of the Moment" ya bendi ya Asia. Dean anasukutua mdomo. Mgahawani mhudumu anaangusha chupa ya pilipili. Mtaani mwanamke anampiga Dean kumbo, mbwa anabweka, wanaume wawili wanahangaika na deski lisilopita mlangoni. Yote yamewekwa kama mapambo tu, hayana uzito wowote. Lakini tazama yalivyochaguliwa: karibu kila moja ni sauti au kitendo, linakwisha ndani ya sekunde chache, na lina namna ya kugeuka. Chupa ndiyo mfano bora. Mara ya kwanza inavunjika. Baadaye Sam anaidaka, na mtazamaji anajua amezirudia Jumanne nyingi bila kuambiwa idadi. Alama iliyo maneno matupu haina uwezo huo, kwa sababu maneno yakirudiwa yanachosha kabla hayajachekesha.

Linalofuata ni kukata. Sehemu nzima ina kama dakika 42, na Jumanne zinakaribia mia. Jumanne ya pili inapewa nafasi kubwa, maana tunagundua pamoja na Sam, na safari hii Dean anagongwa na gari. Baadaye deski linamwangukia. Zikishaeleweka, kila Jumanne inabaki shoti mbili tatu: anakabwa na soseji, anateleza bafuni, anauliza kama taco alizokula, yaani vimkate vya Kimeksiko, zina ladha ya ajabu, anapigwa na umeme wa mashine ya kunyolea, na Sam mwenyewe anamuua kwa bahati mbaya wakigombania shoka. Waigaji wengi hukosea hapa kwa njia mbili. Wengine huipa kila duru urefu uleule, dakika zikaisha hadithi ikiwa bado asubuhi. Wengine hubadilisha kila kitu kila duru, na hapo hakuna tena kinachojirudia. Katika "Mystery Spot" mji haubadiliki. Anayebadilika ni Sam, kutoka mshangao hadi hasira hadi uchovu wa kutamka kila neno pamoja na Dean mezani.

Ukitaka kurekodi kitu kama hiki, piga shoti zote za mgahawani kwa mfululizo, halafu za chumbani, na uwe na jedwali lenye safu moja kwa kila duru: nguo, nywele, kiasi cha kahawa kikombeni, saa ukutani. Kikombe kilichojaa kidogo kuliko jana kinasomwa na mtazamaji kuwa kidokezo, hata kama ni uzembe tu.

Kidokezo cha kweli kinakuja baadaye. Mteja wa kila siku anayemwagia chapati zake sirapu ya maple ghafla ana ya stroberi. Ni Trickster, yule mlaghai mwenye nguvu za ajabu tuliyemwona msimu wa 2 katika "Tall Tales", na ndiye anayeirudisha Jumanne. Mabadiliko hayo yamecheleweshwa hadi tulipoacha kuiangalia sahani, na ndiyo maana yanauma.

Kisha inafika Jumatano. Dean anauawa kwenye maegesho, na asubuhi redio haimrudishi. Miezi sita inapita kwa shoti fupi fupi: Sam peke yake, kitanda kimetandikwa bila kunyanzi, silaha zimepangwa kwa mstari, risasi anaitoa mwilini mwake mwenyewe. Ni uhariri uleule wa vifo vya kuchekesha, kasi ileile, ila sasa muda unasonga mbele na hakuna mzaha. Mtazamaji amezoezwa kwa nusu saa kusubiri siku ianze upya, kwa hiyo kila shoti isiyorudi nyuma inambana. Angeondoa vichekesho vile, Carver asingekuwa na huzuni hii.

Trickster anasema wazi anachokusudia: Dean alishauza roho yake mwishoni mwa msimu wa 2, akapewa mwaka mmoja tu wa kuishi, na Sam hana budi kuzoea. Binafsi ningepunguza hotuba hiyo, maana picha zilishasema. Kisha anamrudisha Sam kwenye Jumatano ileile, Dean akiwa hai. Msimu huo ulifupishwa hadi sehemu 16 kwa sababu ya mgomo wa waandishi, hivyo deni likadaiwa upesi: tarehe 15 Mei 2008, katika "No Rest for the Wicked", Dean anakwenda kuzimu. Na msimu wa 4 unapofunguliwa miezi minne baadaye ndani ya hadithi, Sam tunayemkuta ana siri na ukali ambao zile shoti za Jumatano zilishatuonyesha.