Saintpaulia: mmea wa kivulini usiopenda kulowa

Wateja wanaoniletea kitaluni saintpaulia, ua dogo la chungu, ikiwa imelegea huwa na maelezo yaleyale: waliambiwa ni mmea wa kivuli na unyevu, wakaumwagilia asubuhi na jioni, na majani yalipoanza kulala wakadhani una kiu, wakaongeza maji. Ukiutoa kwenye chungu, mizizi imegeuka rangi ya kahawia na inanuka.

Anayeuona mmea huu kwao porini hafanyi kosa hilo. Katika milima ya Usambara huota zaidi kwenye nyufa za miamba ya kivulini, penye mboji isiyojaa kiganja, ambako maji hupita yakaenda zake na hewa peke yake ndiyo hubaki na unyevunyevu. Jina lake limetokana na Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya enzi za Wajerumani, aliyeupata mwaka 1892. Wanabotania wameshauhamishia katika jenasi (kundi la mimea ya karibu kiukoo) ya Streptocarpus, lakini sokoni jina la zamani halijabanduka.

Kwa hiyo mimi huchanganya makumbi ya nazi yaliyosuuzwa vizuri, mboji na mchanga wa mto wenye chenga, kisha hutumia chungu kidogo chenye matundu. Udongo wa juu ukikauka kidoleni, nakiweka chungu ndani ya sahani ya maji kwa nusu saa, halafu yanayobaki nayamwaga. Maji ya baridi yakidondokea majani yenye vinyweleo huacha madoa meupe yasiyotoka. Mahali pazuri ni kando ya dirisha lisilopigwa na jua la mchana: vikonyo vikirefuka, pana giza mno. Joto la nyuzi 18 hadi 24 za Selsiasi linaufaa, ndiyo maana Lushoto huchanua kwa urahisi kuliko Tanga mjini.

Kuuzalisha ndiko kunakonifurahisha zaidi. Nakata jani lililokomaa, si la nje kabisa, nabakiza kikonyo cha sentimita 3 hivi kilichokatwa mshazari, nakichomeka katika mchanganyiko uleule uliolowa kidogo, kisha nafunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Mizizi hutoka baada ya wiki tatu au nne, na baadaye vichipukizi vidogo kama masikio ya panya hujitokeza penye kikonyo. Kwa kuwa jani moja linatosha, sinunui kabisa mimea iliyong'olewa msituni, hata ikiletwa kwa bei ya kutupa.