Vimeng'enya vinavyoijulisha seli hali ya oksijeni

Ndani ya seli zetu kuna protini iitwayo HIF-1 alfa, ambayo hutengenezwa usiku na mchana kisha huharibiwa kabla haijafanya kazi yoyote. Oksijeni ikiwa ya kutosha, nusu ya kiasi chake hutoweka ndani ya dakika 5 hivi. Anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza huona ni ufujaji mtupu wa nishati, na si makosa kuona hivyo. Lakini kwa gharama hiyo seli hupata wepesi, maana oksijeni inapopungua haina haja ya kungoja protini iundwe upya, inatosha kuacha kuibomoa.

Uamuzi huo hufanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, viitwavyo haidroksilesi za prolini. Kwa binadamu viko vitatu, PHD1, PHD2 na PHD3, na PHD2 ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya kazi. Katikati yake imekaa atomu moja ya chuma, na hapo ndipo molekuli ya oksijeni inapogawanywa: atomu moja hupachikwa kwenye prolini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, iliyo katika nafasi ya 402 au ya 564 ya HIF-1 alfa, na ya pili huingia katika molekuli ndogo iitwayo 2-oksoglutareti, ambayo hugeuka suksineti huku kaboni dioksaidi ikitoka. Badiliko hilo ni dogo mno kwa protini yenye asidi amino 826, lakini huifanya itambuliwe na protini nyingine, VHL, ambayo husababisha ibandikwe ubikwitini, alama ya kubomolewa, na kupelekwa kwenye proteasomu, mtambo wa seli wa kusagia protini.

Vimeng'enya vinavyotumia oksijeni ni vingi, ila si vyote vinavyofaa kuwa kipimo. Kile cha mwisho katika mnyororo wa upumuaji wa mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati, huikamata oksijeni kwa nguvu, hata huendelea na kazi ikiwa imebaki kidogo sana. Kingekuwa mlinzi anayepiga kelele baada ya mwizi kuondoka. PHD2 huishika kwa ulegevu, kwa hiyo kasi yake hushuka mapema, kadiri oksijeni inavyopungua.

Kasi hiyo ikishuka, HIF-1 alfa hurundikana, huingia katika kiini cha seli, huungana na mwenzake HIF-1 beta na kuamsha mamia ya jeni. Mishipa mipya ya damu huchochewa kuota, na seli huegemea zaidi uvunjaji wa sukari usiohitaji oksijeni. Katika figo, ndugu yake HIF-2 alfa huamsha homoni ya erithropoietini, inayoufanya uboho uongeze seli nyekundu za damu. Hayo huchukua saa hadi siku. Pumzi zinazoharakishwa ndani ya sekunde chache ni kazi ya viungo vidogo vilivyo shingoni, kando ya mishipa mikubwa ya damu.

William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019 kwa kuifichua njia hii. Umuhimu wake kitabibu unaonekana kwa watu waliorithi jeni yenye hitilafu ya VHL: katika seli zilizopoteza protini hiyo kabisa, HIF haibomolewi hata oksijeni ikiwa tele, na uvimbe wenye mishipa mingi ya damu huweza kujitokeza kwenye ubongo, macho au figo. Kwa upande mwingine, dawa kama roxadustat huvizuia vimeng'enya hivi makusudi, ili mgonjwa wa figo mwenye upungufu wa damu atengeneze erithropoietini yake mwenyewe. Kwa kuwa dawa hizo hugusa jeni nyingi kwa pamoja, mimi naziona ni za kutumiwa chini ya uangalizi wa daktari tu. Michezoni zimepigwa marufuku.

Wala HIF si njia pekee. Mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba kimeng'enya kingine, ADO, hutumia oksijeni kuweka alama kwenye sisteini, asidi amino nyingine, iliyo mwanzoni mwa protini fulani ili zibomolewe. Chenyewe hakihitaji kuamsha jeni, hivyo huleta mabadiliko upesi zaidi, na mimea nayo ina vimeng'enya vya jamii hiyo vinavyoisaidia kukabili mafuriko.