Wenzo Usiguse Throto: Kidhibiti cha Injini ya Boti Ndani ya Stormworks

Boti ya kwanza ya karibu kila mchezaji wa Stormworks, mchezo wa kompyuta wa kujenga vyombo na kuokoa watu, huunganishwa vilevile. Waya unatoka kwenye kiti cha nahodha, ule wenzo unaosukumwa kwa vitufe vya W na S, unaingia moja kwa moja kwenye throto ya injini. Ukisukuma mbele, mafuta yanaongezeka; ukiachia, yanapungua. Boti inaondoka gatini, unafurahi. Kisha unafika kwenye maji yenye mawimbi na injini inazimika katikati ya kazi ya uokoaji, huku mtu uliyetumwa kumwokoa anaelea mita mia moja mbele yako.

Kazi yangu ya kila siku ni kurekebisha mitambo inayojiendesha, kwa hiyo nikiingia kwenye mchezo huu usiku ni kama fundi seremala anayepumzika kwa kuchonga vinyago. Nimejenga vidhibiti vya injini vingi kuliko boti zenyewe. Vyote sasa vinafuata kanuni moja: wenzo wa nahodha hauamuru throto, unaamuru mizunguko. Throto ni shauri la kidhibiti.

Sababu ni hii. Throto ya 0.6 haina maana moja. Injini ikiwa haina mzigo, 0.6 inaipeleka resi mpaka inapiga kelele. Rafadha ikiwa ndani ya maji mazito na klachi imebana, 0.6 hiyo hiyo huenda isitoshe hata kuizuia isizime. Mizunguko, kwa upande mwingine, inasema ukweli kuhusu kinachotokea kwenye shafti. Mchezo unaipima kwa RPS, yaani mizunguko kwa sekunde, na kila injini inatoa namba hiyo bure kwenye kituo chake cha lojiki. Mtu anayejenga kidhibiti bila kuisoma ni sawa na mpishi asiyeonja.

Kwenye bahari ya kweli tofauti hii ni kubwa zaidi. Msukumo wa rafadha hukua takriban kwa mraba wa mizunguko, na nguvu inayohitajika kuizungusha hukua kwa mchemraba. Ukipunguza mizunguko hadi nusu, rafadha inadai karibu moja ya nane tu ya nguvu. Ndiyo maana hakuna uhusiano ulionyooka kati ya "nimefungua mafuta nusu" na "naenda nusu mwendo".

Sasa tuingie ndani. Chombo cha kutunza mizunguko kwenye lengo ni PID, mfumo wa udhibiti unaolinganisha kasi na lengo na kusahihisha kosa, na mchezo unao mmoja uliotengenezwa tayari kwenye orodha ya lojiki. Una herufi tatu. P inajibu kosa la sasa: lengo toa kasi halisi ya mizunguko. I inakusanya makosa yaliyopita, na hiyo ndiyo inayojua kwamba boti hii nzito inahitaji mafuta zaidi ya ile nyepesi. D inatazama kosa linabadilika haraka kiasi gani. Inanifurahisha kwamba nadharia yake ina asili ya baharini. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky aliichapisha akizungumzia usukani wa meli unaojiendesha, baada ya kuona kwamba mshika usukani mzoefu hajibu tu jinsi meli ilivyopotoka sasa hivi, bali pia jinsi ilivyokuwa ikipotoka na inavyoelekea kupotoka. Kwa hiyo ukiweka PID kwenye boti, unairudisha kwao.

Kwa injini mimi huiacha D kwenye sifuri. Mizunguko inatikisika kidogo kila tiki, yaani kila hatua ya hesabu ya mchezo, na D huuchukua mtikisiko huo na kuukuza. Injini inaanza kukohoa bila ugonjwa.

PID ya tayari inatosha kwa boti ya ziwani. Kwa bahari yenye mawimbi ninaandika yangu kwa Lua, lugha ya programu inayokubaliwa na mchezo, kwa sababu moja nitakayoieleza baada ya kukuonyesha msimbo. Majina ya vigezo nayaandika kwa Kiswahili, Lua haijali.

```
lundo = 0

function onTick()
  local kasi = input.getNumber(1)
  local wenzo = input.getNumber(2)
  local lengo = 3 + 12 * math.abs(wenzo)
  local kosa = lengo - kasi
  local ghafi = 0.15 * kosa + lundo
  local throto = math.max(0, math.min(1, ghafi))
  if ghafi == throto then
    lundo = lundo + 0.002 * kosa
  end
  output.setNumber(1, throto)
end
```

Wenzo ukiwa sifuri, lengo ni 3, hiyo ndiyo sailensi yangu, yaani mizunguko ya injini ikiwaka bila kazi. Wenzo ukiwa mwisho, lengo ni 15. Namba hizi ni za boti yangu. Zako zitategemea injini na ukubwa wa rafadha.

Uzito wote uko kwenye ule mstari wa "if". Chukua boti inayosafiri wenzo ukiwa nusu. Lengo ni 9, na lundo, ambalo ndiyo ile I, limetulia kwenye 0.6, yaani injini inahitaji throto ya 0.6 kubeba mzigo. Wimbi linainua tezi, yaani nyuma ya boti, rafadha inatoka majini, mzigo unatoweka ghafla na kasi inaruka hadi 17. Kosa ni hasi 8. Tiki ni 60 kwa sekunde, kwa hiyo kama lundo lingeendelea kukusanya bila kizuizi, sekunde moja ya hali hiyo ingeliondolea 0.002 mara 8 mara 60, ambayo ni 0.96. Kutoka 0.6 limefika hasi 0.36. Rafadha inarudi majini kwa kishindo, mzigo wote unarejea, kasi inaporomoka. Ikifika 6, P inatoa 0.45, lundo linakata 0.36, na injini inayohitaji 0.6 inapewa 0.09. Hapo ndipo boti za watu wengi zinapofia. Wanalaumu betri, wanalaumu mafuta, wanaongeza injini ya pili. Injini haina kosa. Kidhibiti kilikuwa kinakumbuka sekunde ambayo haikupaswa kukumbukwa.

Ule mstari unasema: kama throto imeshagonga ukuta wa sifuri au moja, usikusanye. Kwenye mfano wetu, P ni hasi 1.2, jumla na lundo ni hasi 0.6, throto inabanwa kwenye sifuri, na lundo linabaki 0.6 kama lilivyokuwa. Rafadha ikirudi majini, injini inapata mafuta yake papo hapo. Nilipoweka mstari huu mara ya kwanza niliipeleka boti kwenye dhoruba iliyopandishwa hadi mwisho, nikakaa tu nikisikiliza injini inapanda na kushuka na wimbi. Ni sauti nzuri kuliko muziki wowote wa mchezo.

Msimbo huo bado haujakamilika. Hauna ufunguo. Injini ikiwa imezimwa, kasi ni sifuri na kosa ni 3 daima, hivyo lundo linapanda mpaka throto ifike 1. Ukipiga stata inaanza na resi ya kutisha. Soma ufunguo kwa input.getBool, na ukiwa umezimwa, rudisha lundo kwenye sifuri na utoe throto ya sifuri. Stata nayo iwake tu ufunguo ukiwa umewashwa na kasi ikiwa chini ya 2 hivi. Ukiiacha iendelee baada ya hapo unanyonya betri bure.

Halafu klachi. Kama PID ni moyo wa kidhibiti, klachi ni adabu yake. Wengi huiunganisha na swichi: imebana au imeachia. Ukibana ghafla injini ikiwa kwenye sailensi, rafadha iliyosimama inaivuta chini na kuizima kabla PID haijapata nafasi ya kusema lolote. Klachi ya mchezo inapokea namba kati ya 0 na 1, basi itumie. Yangu ni kasi toa 3, gawanya kwa 3, ikibanwa kati ya 0 na 1. Kwenye mizunguko 3 imeachia kabisa. Kwenye 6 na kuendelea imebana kabisa. Angalia kinachotokea: mzigo ukizidi na kasi ikashuka hadi 4, klachi yenyewe inalegea hadi theluthi, injini inapumua, inapanda tena. Hakuna aliyeamuru. Injini inaachia mzigo kabla haijakufa.

Tatizo ni kwamba sasa una watawala wawili juu ya shafti moja. PID inaongeza mafuta, kasi inapanda, klachi inabana, kasi inashuka, klachi inalegea, na boti inaanza kutikisika kama mtu mwenye homa. Nilihangaika na hili muda mrefu nikipunguza P na I mpaka injini ikawa mvivu. Dawa haikuwa kwenye PID. Iko kwenye mwendo wa klachi: iache ilegee mara moja lakini ibane polepole, si zaidi ya 0.01 kwa tiki. Hivyo inachukua karibu sekunde moja na theluthi mbili kubana yote, muda unaoitosha kabisa PID kufuata.

Kuna chanzo kingine cha kutikisika ambacho hakionekani kwenye hesabu yoyote. Kila kipande cha lojiki kinachelewesha ishara kwa tiki moja. Kidhibiti kilichojengwa kwa vipande kumi vilivyofuatana kinaiona injini ilivyokuwa moja ya sita ya sekunde iliyopita, na kujibu habari za zamani ndiyo njia ya uhakika ya kuyumba. Hii ndiyo sababu yangu nyingine ya kupenda Lua: kusoma, kukokotoa na kuamua vyote vinatokea ndani ya tiki moja. Kama hupendi kuandika msimbo, bloku ya fomula yenye x, y na z inameza hesabu nyingi kwa pigo moja. Itumie badala ya msururu wa kujumlisha, kuzidisha na kubana.

Rivasi ni fupi. Giaboksi inapokea ishara ya ndiyo au hapana, na unachagua uwiano wa kila upande, ukiwemo ule wa kurudi nyuma. Usibadilishe gia klachi ikiwa imebana. Wenzo ukivuka sifuri, lazimisha klachi iwe 0, subiri kasi ishuke chini ya 5, badilisha gia, kisha acha klachi ifuate kanuni yake. Kwa sababu lengo linatumia math.abs, inayoondoa alama ya hasi, PID haijui kama unakwenda mbele au nyuma, na haina haja ya kujua.

Joto nalishughulikia kwa kushusha lengo, kamwe si kwa kukata throto. Joto likizidi 95 naanza kupunguza mizunguko inayoruhusiwa, na likifika 110 kinachobaki ni sailensi. Nahodha anahisi boti inalegea, anatazama kipimo, anaelewa. Ukikata throto moja kwa moja PID itaona kasi imeshuka na itapigana nawe.

Wanaojenga injini za vipande, zenye silinda, manifoldi (njia ya kuingizia) ya hewa na manifoldi ya mafuta kando kando, wana kazi ya ziada: hapo hakuna throto moja. PID ya mizunguko iamuru hewa, na kitanzi cha pili cha udhibiti kifuate kwa mafuta kikitunza uwiano. Mimi hukaa karibu na hewa 14 kwa mafuta 1. Kitanzi hicho cha pili kiwe na kasi kuliko cha kwanza, la sivyo kila ukiongeza mwendo injini inakosa mafuta kwa muda na inasita.

Boti yangu ya sasa ina injini mbili na rafadha mbili. Kila injini ina kidhibiti chake, zote zinapokea lengo lilelile, na kwenda mbele inanyooka kama uzi. Kurudi nyuma ilikuwa inapinda kila mara upande mmoja. Nilitumia jioni mbili nikirekebisha PID ya kushoto, nikachora grafu za kasi kwenye skrini, mistari miwili ikalaliana mpaka huoni tofauti. Mizunguko ya injini ilikuwa sawa kabisa. Giaboksi ya kushoto nilikuwa nimeiwekea 3:2 upande wa rivasi, na ya kulia 1:1.