Troponini na saa maumivu yalipoanza

Katika maabara ya hospitali ninayofanyia kazi hapa Unguja, hakuna kipimo ambacho majibu yake husubiriwa kwa pumzi iliyobanwa kama cha troponini. Daktari wa zamu hupiga simu kabla sentrifuji, mashine inayozungusha damu, haijasimama, na jamaa za mgonjwa hukaa karibu na dirisha letu wakitazama kila karatasi inayotoka. Wengi wao, na wakati mwengine hata sisi wahudumu wa afya, huamini kwamba damu itajibu ndiyo au siyo: ana shambulio la moyo, au hana. Damu haijibu hivyo. Inaonyesha ni kiasi gani cha protini fulani kilikuwa kimeshavuja kutoka kwenye msuli wa moyo hadi dakika ile sindano ilipoingia mshipani, na maana ya kiasi hicho inategemea sana jambo ambalo mashine yangu haiwezi kulipima, nalo ni saa maumivu yalipoanza.

Troponini ni protini iliyomo ndani ya nyuzi za misuli, na kazi yake ni kama ya bawabu: madini ya kalisiamu yakija, huuruhusu msuli ukaze, na yakiondoka huuzuia. Setsuro Ebashi na wenzake wa Japani ndio walioitambua katika miaka ya 1960. Ina sehemu tatu zinazoitwa C, I na T. Sehemu C ya moyo haitofautiani na ile ya baadhi ya misuli mengine ya mwili, kwa hivyo haitufai kwa uchunguzi, lakini I na T za moyo zina umbo lao la pekee, na kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, kilichotengenezwa vizuri huzishika hizo na kuziacha nyingine. Mshipa unaoulisha moyo unapozibwa na donge la damu, seli zilizokosa oksijeni huanza kufa na yaliyomo ndani yake humwagika. Troponini kidogo iliyokuwa huru katika majimaji ya seli hutoka mwanzo, na ile iliyofungamana na nyuzi huachiliwa polepole kadiri nyuzi zinavyoharibika. Ndiyo maana I huweza kuonekana katika damu kwa siku 7 hadi 10, na T hadi wiki mbili. Kwa visiwa vyetu jambo hili lina faida kubwa, kwa sababu mgonjwa wa Makangale, kule Pemba, aliyevumilia maumivu usiku kucha akidhani ni kiungulia, akafika hospitali siku ya pili au ya tatu, bado damu yake itakuwa imehifadhi ushahidi.

Haikuwa hivyo zamani. Mwaka 1954 madaktari wa New York walionyesha kwamba kimeng'enya ambacho leo tunakiita AST hupanda katika damu baada ya shambulio la moyo, na huo ndio ukawa mwanzo wa kuutafuta ugonjwa huu maabarani. Tatizo ni kwamba AST imejaa pia katika ini. Baadaye ikaja CK, kimeng'enya kingine, ambayo imo katika kila msuli, kisha CK-MB, aina moja ya CK ambayo ni ya moyo zaidi ingawa si ya moyo peke yake. Nilipokuwa nikifanya kazi Pemba niliuona udhaifu huo kwa macho yangu kila msimu wa mchumo wa karafuu. Huletwa kijana aliyeshinda juu ya mkarafuu siku nne mfululizo, ameteleza na kugonga mbavu, ameshachomwa sindano ya maumivu kwenye msuli wa paja katika kituo cha jirani, sasa analalamika kifua. CK yake itakuwa juu, na ni haki iwe juu, kwa sababu mikono, mbavu na paja vyote vimeumia. Moyo wake unaweza kuwa mzima kabisa. Troponini ya moyo haishtushwi na mkarafuu wala na sindano. Kipimo cha troponini T kilichobuniwa na Hugo Katus na wenzake huko Heidelberg, Ujerumani, kilichapishwa mwaka 1989, na kufikia mwaka 2000 jumuiya za madaktari wa moyo za Ulaya na Marekani zilikuwa zimekubaliana kuiweka troponini katikati ya maana yenyewe ya shambulio la moyo.

Sasa nirudi kwenye saa. Kwa vipimo vya kizazi cha zamani, troponini huanza kuonekana kati ya saa 3 na 6 tangu mshipa uzibe, na hufika kileleni baada ya saa 12 hadi 24. Vipimo vipya vyenye hisia kali huiona mapema zaidi, lakini navyo haviwezi kuona kitu ambacho hakijavuja. Sampuli iliyochukuliwa dakika 40 baada ya maumivu kuanza, ikatoa jibu la kawaida, haijathibitisha lolote.

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, nilipokea fomu ya mzee mchuuzi wa samaki. Juu yake paliandikwa: maumivu ya kifua, yameanza 3:00. Damu ilichukuliwa saa nne kasoro dakika kumi za asubuhi. Kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha mabadiliko ya wazi, na troponini yake ilikuwa chini ya kikomo. Daktari aliyeyapokea majibu alihesabu kwamba tangu saa tisa za usiku zimepita karibu saa saba, muda unaotosha, na akawa anaandika dawa ya vidonda vya tumbo amruhusu mzee arudi nyumbani. Mimi nilikuwa na shaka ndogo tu, nikamwita mtoto wake aliyekuwa amesimama dirishani nikamuuliza baba alishikwa saa ngapi.

"Saa tatu hii hii, dada," akanijibu. "Ndiyo kwanza alikuwa anamaliza kunywa chai."

Aliyeandika fomu aliandika kwa saa zetu za Kiswahili, na aliyeisoma aliisoma kwa saa za Kizungu. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni saa sita, nazo ni saa sita zilezile ambazo troponini inazihitaji ili ionekane. Mzee alikuwa hajatimiza hata saa moja tangu moyo wake uanze kuumia. Nilimpigia simu daktari, naye bila ya kusita akamzuia mgonjwa, tukachukua sampuli ya pili saa saba mchana. Ilikuwa imepanda zaidi ya mara kumi. Sijawahi kuisahau fomu ile, na simlaumu mtu mmoja peke yake, kwa sababu kila mmoja aliandika na kusoma kama alivyozoea. Ninachokililia ni kwamba sehemu kubwa ya Waswahili huishi kwa hesabu mbili za saa kwa siku moja, na hakuna aliyefikiri kuwa jambo hilo ni la kitabibu.

Hata saa inapojulikana, sampuli moja mara nyingi haitoshi. Kikomo tunachotumia huwekwa kwa kupima watu wengi wenye afya na kutafuta kiwango ambacho watu 99 katika kila 100 wako chini yake. Kwa kipimo kimoja cha troponini T chenye hisia kali, kikomo hicho ni nanogramu 14 kwa lita. Kwa troponini I, kila mtengenezaji ana kikomo chake, na cha wanawake huwa chini kuliko cha wanaume, jambo ambalo naona linasahauliwa mno. Lakini kuvuka kikomo ni nusu ya habari. Shambulio la moyo la ghafla hujulikana kwa troponini inayopanda au kushuka kati ya sampuli mbili, pamoja na dalili za mgonjwa au mabadiliko katika kipimo cha umeme wa moyo au katika picha za moyo. Mgonjwa wa figo wa miaka mingi anaweza kuwa na 40 leo, 41 baada ya saa tatu, na 40 wiki ijayo. Moyo wake una madhara ya muda mrefu yanayostahili kushughulikiwa, ila si shambulio la leo. Donge la damu katika mapafu, uambukizo mkali wa damu, uvimbe wa msuli wa moyo unaoletwa na virusi, moyo uliochoka, presha iliyopanda kupita kiasi, mapigo ya kasi yasiyotulia: yote haya huivujisha troponini. Kwa hiyo sipendi kusikia "troponini ya uongo" kila inapoonekana kwa asiye na mshipa ulioziba. Kipimo kimesema kweli kwamba msuli wa moyo umeumia. Sababu ya kuumia inabaki kazi ya daktari kitandani pa mgonjwa.

Miongozo ya Ulaya inaruhusu sampuli ya pili ichukuliwe baada ya saa moja au mbili tu, mradi kipimo kiwe cha hisia kali na viwango viwe vya mashine hiyohiyo. Kwa troponini T niliyoitaja, jibu lililo chini ya 5 kwa mtu ambaye maumivu yake yana zaidi ya saa tatu huifanya hatari kuwa ndogo sana, na jibu la 52 au zaidi humweka moja kwa moja katika kundi la hatari. Namba hizi haziazimwi. Huwezi kuzichukua ukazitumia kwa mashine ya kampuni nyingine, wala kwa kipimo cha haraka cha mstari.

Juu ya vipimo hivyo vya haraka nitasema wazi, kwa sababu vimeenea katika zahanati na maduka ya dawa. Vingi huonyesha mstari pale tu troponini I inapokaribia nusu nanogramu kwa mililita, ambayo ni nanogramu 500 kwa lita, wakati kikomo cha mashine za hisia kali ni makumi machache tu. Mstari ukitokea, una uzito. Usipotokea, usimrudishe mtu nyumbani kwa sababu hiyo. Na tazama kizio kilichoandikwa kando ya namba: nanogramu 0.03 kwa mililita ni nanogramu 30 kwa lita, na nimeona majibu ya hospitali mbili yakilinganishwa bila ya mtu kugundua hilo.

Ziko kasoro nyingine ndogo zinazoanzia kwetu sisi wa maabara. Damu iliyozungushwa kabla haijaganda sawasawa hubakiza nyuzi za mgando zinazoweza kuipandisha troponini bila ya sababu, na damu iliyovutwa kwa nguvu mpaka chembe nyekundu zikapasuka huharibu jibu kwa upande wowote. Mtu anayekunywa vitamini iitwayo biotini kwa wingi kwa ajili ya nywele na kucha anaweza kupata jibu la chini kuliko ukweli katika baadhi ya mashine, basi aseme.

Na pale kipimo cha umeme wa moyo, ambacho kinatakiwa kifanywe ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, kinapoonyesha wazi kwamba mshipa mkubwa umeziba, troponini isisubiriwe kabisa. Dakika zinazopotea kwenye dirisha langu ni msuli wa moyo unaokufa, na mgonjwa aliyeko Chake Chake bado ana bahari mbele yake kabla hajafika Dar es Salaam kwenye taasisi inayozibua mishipa.

Baada ya kisa cha mzee yule tulichonga muhuri wa mpira, tukaanza kuugonga kwenye kila fomu ya troponini. Una mistari mitatu: saa maumivu yalipoanza, saa damu ilipochukuliwa, na mbele ya kila moja maneno asubuhi, mchana, jioni, usiku, ili mwandishi alizungushie duara moja. Mstari wa tatu unauliza kama hii ni sampuli ya kwanza au ya pili. Fomu isiyojazwa hatuikatai, kwa sababu mgonjwa hana kosa. Mmoja wetu hutoka nje akawaulize jamaa zake.