Kupima erosoli ukiwa melini: kila kosa linaichafua mbingu

Makosa ya kupima erosoli kutoka melini karibu yote yanaelekea upande mmoja: huifanya hewa ionekane chafu kuliko ilivyo. Anayelijua hilo kabla hajapanda meli pale bandari ya Malindi, Unguja, atarudi na takwimu za kufanyia kazi. Asiyelijua atapima moshi wa dohani ya meli yake mwenyewe na kuuandika kuwa umetoka Bara Hindi.

Erosoli ni chembe ndogo zinazoelea hewani: chumvi inayorushwa na mawimbi, vumbi la jangwani, masizi ya injini, moshi wa mioto ya nyika. Tunachopima si uzito wake, bali mwanga wa jua unaopotea njiani kwa sababu yake. Kipimo chake ni kina cha mwanga, namba inayokua kadiri mwanga unaopotea unavyoongezeka. Hewa ya bahari safi iliyo mbali na nchi kavu huwa chini ya 0.1 kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 500. Ikifika 0.4 na jua likiwa utosini, theluthi moja hivi ya miale ya moja kwa moja haikufikii, na utosi wa mbingu huwa mweupe-mweupe badala ya buluu.

Satelaiti hukadiria kitu hichohicho kutoka juu, lakini povu la mawimbi, mng'ao wa jua juu ya maji na vijiwingu vidogo huzidanganya. Lazima mtu awe baharini azisahihishe. Kituo cha nchi kavu hakitoshi, kwa sababu hewa ya mjini Unguja ina vumbi la barabara na moshi wa mkaa.

Chombo kinachotumika zaidi ni fotomita ya jua ya mkononi iitwayo Microtops II. Hutumia betri 4 za AA na ina vijicho 5, mara nyingi vya nanomita 440, 500, 675, 870 na 936. Hicho cha mwisho ni cha mvuke wa maji. Huungwa na GPS ili kila kipimo kiwe na saa na mahali pake. Mtandao wa Maritime Aerosol Network, tawi la AERONET, mtandao wa NASA wa vituo vya kupima erosoli, huwapa vyombo hivi wanasayansi wanaosafiri na meli, na huvilinganisha na fotomita kubwa za rejea kwenye kituo cha NASA cha Goddard, Marekani. Chombo kikishikwa vizuri, kosa la kina cha mwanga halizidi 0.02 hivi. Kumbuka basi kwamba bahari safi yenyewe ni 0.07 tu au chini ya hapo. Nafasi ya kuchezea ni ndogo mno.

Washa chombo kifuniko kikiwa kimefungwa kabisa. Wakati huo kinapima giza lake, na thamani hiyo hupunguzwa kutoka kila kipimo kinachofuata. Mwanga ukipenya kidogo, giza linasomeka kubwa, jua linasomeka dogo, na tayari umeichafua mbingu kabla hujaielekeza fotomita popote.

Halafu kulenga. Kijicho kinaona duara la digrii 2.5, na jua lenyewe lina upana wa nusu digrii, kwa hiyo una digrii 1 tu ya kuyumba kila upande. Kwenye maji tulivu ya magharibi mwa Unguja hilo ni rahisi. Ukishaipita Nungwi, ncha ya kaskazini, wakati wa kusi, ni kazi. Egemea ukuta au nguzo, bana viwiko mbavuni, subiri meli itulie kati ya mlalo mmoja na mwingine, ndipo ubonyeze. Fanya vipimo 6 hadi 10 mfululizo, bila kuacha pengo la zaidi ya dakika 2. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huwa utosini hapa kwetu, na kulenga juu kabisa huku sitaha inacheza kunachosha shingo. Saa 3 au saa 4 asubuhi panalengeka vizuri zaidi. Jioni acha mapema: jua likiwa chini ya digrii 11 hivi juu ya upeo, yaani dakika 45 za mwisho kabla ya kuchwa, mwanga unapita hewa nene zaidi ya mara 5 ya ile ya adhuhuri, na hesabu zinaanza kuyumba.

Ukilenga vibaya, mwanga unaoingia unapungua na kina cha mwanga kinasomeka kikubwa. Kwa hiyo katika mfululizo mmoja, kipimo kidogo kabisa ndicho kilicho karibu na ukweli. Wastani hapa hausaidii, unachanganya tu makosa na ukweli. Uchakataji wa mtandao ule unafuata mantiki hiyo: vinavyobaki ni vipimo vilivyo karibu na cha chini kabisa, ndani ya 0.02 au asilimia 5, ipi iliyo kubwa.

Kipo kitu ambacho mfululizo hauwezi kukigundua, nacho ni chumvi kwenye kioo. Utando unaozuia asilimia 2 ya mwanga huongeza 0.02 jua likiwa utosini, tena kwa vipimo vyote sawasawa, kwa hiyo data inaonekana safi. Mbaya zaidi, unaharibu kipeo cha Ångström, namba inayotofautisha chembe kubwa na ndogo. Tuseme hewa ina moshi mwepesi: 0.10 kwenye nanomita 440 na 0.04 kwenye 870. Kipeo ni 1.34, chembe ndogo. Ongeza 0.02 kila upande na kinashuka hadi 1.02. Chumvi ya kioo imejifanya chumvi ya angani. Safisha kwa maji baridi yaliyochujwa na kitambaa laini, kisha kausha. Usifute chumvi kavu, inakwaruza. Funga kifuniko kila unaposubiri.

Dohani nayo ina hila yake. Wengi hudhani kusimama joshini, unakotoka upepo, kunatosha. Hakutoshi, kwa kuwa kinachopimwa ni njia yote kati yako na jua. Unaweza kuvuta hewa safi huku moshi umelala juu kwenye njia hiyo. Meli ikienda Mkoani, Pemba, kwa noti 10 na kusi ikivuma nyuma kwa noti 18, moshi unaitangulia meli kwa noti 8 na kufunika omo. Hapo nenda tezi, au mwombe nahodha, kama ni meli ya utafiti, ageuze kidogo. Kwenye boti ya abiria usiombe, subiri tu.

Mawingu membamba ya juu, yale ya nyuzinyuzi, siyaamini hata kidogo. Ziba jua kwa kiganja na utazame pembeni yake. Ukiona nyuzi, weka chombo chini.

Kuhusu misimu: kaskazi hutuletea hewa iliyopita Bahari ya Uarabuni, na INDOEX, utafiti wa kimataifa wa hewa ya Bahari ya Hindi wa 1999, ulionyesha ukungu wa Asia Kusini ukisafiri hadi ukanda pepo zinapokutana, ambao miezi hiyo uko kusini mwa ikweta. Kusi huja na chumvi zaidi. Lakini Julai hadi Oktoba mioto ya nyika kusini mwa Afrika imepamba moto, na fotomita inapima hewa yote mpaka juu, kwa hiyo upepo unaokupiga usoni si shahidi wa kutosha.

Saa ya chombo iwe ya GMT, saa 3 nyuma ya yetu. Hili ndilo kosa kubwa linaloweza kuelekea upande wowote, kwa sababu chombo hukokotoa mahali pa jua kutokana na saa. Usifute chochote ukiwa baharini, hata kipimo unachokishuku. Andika daftarini mwelekeo wa upepo, mwelekeo wa meli, moshi uko wapi, mawingu gani, na saa uliyosafisha kioo.