Gi na bila gi: dhana ninazozisikia mkekani kila wiki

“Wewe jifunze gi tu, bila gi itakuja yenyewe.” Kwenye jiu-jitsu ya Kibrazili, gi ni lile vazi la kitambaa kizito lenye kola na mkanda; bila gi ni mchezo uleule bila vazi hilo. Kauli hiyo naisikia kwa wenye mikanda ya bluu, ya zambarau, hata kwa makocha wenzangu. Imenichosha, kwa sababu inaumiza watu magoti.

Tuanze na mikono. Aliyezoea gi akibanwa, vidole vyake vinatafuta kola. Anayecheza gadi ya buibui, yaani kumzuia mpinzani kwa miguu ukiwa chini huku umeshika mikono ya gi yake, amejenga mchezo wake wote juu ya kitambaa cha mikono. Mvue gi, hana tena pa kushika. Bila gi unashika kifundo cha mkono cha mpinzani, unavuta shingo, unapitisha mkono chini ya kwapa, na ukichelewa kidogo tu jasho limeshamtelezesha. Mishiko hiyo haiji kwa kuvaa gi miaka mingi. Inafanyiwa mazoezi yake.

Halafu kuna miguu, na hapa ndipo subira inaponiishia. Kwa kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, kufuli la kisigino, yaani kumsokota mpinzani mguu kwa kukishika kisigino, ni marufuku kwenye gi kwa mikanda yote, hadi mweusi. Bila gi, limeruhusiwa tangu 2021 kwa watu wazima wenye mkanda wa kahawia na mweusi. Kwa hiyo mtu anaweza kufika mkanda mweusi kwa gi pekee bila kushikwa kisigino hata siku moja. Akija kwenye darasa la bila gi akashikwa, anafanya alichozoea kwenye kufuli la kiwiko: anasubiri asikie maumivu. Hilo ni kosa kubwa. Kisigino kikishakaa kwenye kiwiko cha mpinzani, na paja likiwa limebanwa katikati ya miguu yake, msokoto unapanda kutoka unyayoni hadi gotini, na ligamenti zinaweza kuchanika kabla hujasikia maumivu ya kukutisha. Nimewaambia wanafunzi wangu na nitazidi kuwaambia: kisigino kimeshikwa, goti halichomoki, gonga hapohapo, yaani piga kofi kukubali umeshindwa. Usijizungushe kwa pupa. Ukizunguka upande usio sahihi, unammalizia mwenzako kazi.

Nikisema hivi natajiwa Marcelo Garcia, bingwa wa dunia wa gi mara 5 na wa ADCC, mashindano makubwa ya bila gi, mara 4. Sawa, lakini mtazame alikuwa anashika nini. Mkono chini ya kwapa, miguu inayonasa kama kulabu, gadi ya X (miguu yake ikipishana kwenye mguu wa mpinzani aliyesimama), kisha anamshika mgongoni na kumpiga kabali ya nyuma. Karibu yote hayo hayahitaji kitambaa, ndiyo maana alihama na mchezo wake mzima. Anayeishi kwa kabali za kola hana cha kuhama nacho.

Wapo pia wa upande wa pili: “Gi haina kazi, nani anavaa gi mtaani?” Watu wanavaa majaketi, na jaketi lina kola. Royce Gracie alishinda UFC ya kwanza, mashindano ya kupambanisha mitindo tofauti ya mapigano, mwaka 1993 akiwa ndani ya gi. Faida yenyewe hasa ni kwamba kitambaa kinazuia kuteleza. Ukinaswa mkono huwezi kuuchomoa kwa jasho na nguvu, itabidi utoke kwa ufundi. Wanaokimbia gi wanakikosa kipimo hicho, na inaonekana wakati wa kurola, yaani kupambana mazoezini.

Kwamba bila gi ni mchezo wa wenye misuli? Jasho linamtelezesha mwenye nguvu kama linavyomtelezesha mwingine. Kwamba bila gi ni salama zaidi kwa ngozi? Hapana, ngozi inagusana zaidi. Vaa fulana ya kubana yenye mikono mirefu, oga mara tu darasa likiisha, na ukiwa na baka usilolielewa kaa nyumbani.

Mkanda mweupe anayeniuliza aanze na lipi namwambia aingie yote mawili tangu mwezi wa kwanza. Kufuli la kisigino nalo namfundisha mapema, kwa upande wa kujikinga tu: mwenzake anashika polepole, anasimama kabla ya kusokota, yeye anajifunza kuchomoa goti.