Je, wajua kwa nini simu yako haipati sasisho siku moja na ya mwenzako?

Binamu yetu alikuja na treni ya SGR kutoka Dar kututembelea hapa Nkuhungu, Dodoma, na kabla hata chai haijapoa akawa anatuonyesha simu yake. Android 16, toleo jipya la mfumo unaoendesha simu yake, imeingia. Arifa zimepangwa kwa mtindo mwingine, na safari ya teksi aliyoita kwa programu inaonekana juu ya skrini kama mstari unaosogea. Dada yangu akachukua ya kwake, akafungua mipangilio, akabonyeza sehemu ya sasisho la mfumo. Jibu likaja kwamba simu iko sawa na hakuna jipya. Simu hizo mbili zilinunuliwa mwezi mmoja, na bei haikupishana sana.

"Si nilisema," dada akalalamika. "Vitu hivi vinaanza kwa watu wa Dar. Sisi huku tunaletewa yaliyobaki."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, kwa mafundi simu mjini na hata kwa wanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ambao ungetegemea wawe wanajua. Si kweli. Simu inapouliza kama kuna sasisho, inajitambulisha kwa seva ya kampuni: mimi ni modeli fulani, nina toleo fulani, na programu yangu imeandaliwa kwa soko la nchi fulani. Nchi inaweza kuhesabiwa. Mkoa hauulizwi. Simu ya Kariakoo na simu ya Kongwa, kama ni modeli moja ya soko moja, ziko kwenye foleni ileile.

Basi ucheleweshaji unatoka wapi? Inategemea nani aliitengeneza simu hiyo, na mikono mingapi imeigusa.

Kwa iPhone mambo ni mepesi. Apple inatengeneza simu, inabuni chipu yake na inaandika mfumo wake, kwa hiyo haimsubiri mtu. Mfumo huo unaitwa iOS, na iOS 26 ilitoka tarehe 15 Septemba 2025. (Namba iliruka kutoka 18 hadi 26 ili ilingane na mwaka, hakuna matoleo yaliyopotea katikati.) Apple hufungua mlango saa nne asubuhi kwa saa za California. Kwetu inakuwa saa mbili usiku, wakati familia nyingi zinakaa kusikiliza taarifa ya habari. Saa hiyohiyo mwenye iPhone 11 wa Chamwino na mwenye iPhone 11 wa Chicago wote wanaliona sasisho. Waliokuwa na XR au XS, simu za mwaka 2018, hawakuliona kabisa, maana modeli zao ziliachwa nje ya orodha.

Android ni safari ndefu. Google inaandika mfumo, lakini simu nyingi tunazonunua haitengenezi yenyewe. Tarehe 10 Juni 2025 ilipoitoa Android 16, walioipata siku hiyo ni wenye Pixel, simu za Google mwenyewe, ambazo hapa Dodoma ni za kutafuta. Kwa wengine kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Watengenezaji wa chipu, yaani Qualcomm, MediaTek na Unisoc, wanarekebisha programu zinazoiwezesha kamera, antena na skrini kuongea na mfumo mpya. Kisha mtengenezaji wa simu anachukua mfumo huo na kuuvika vazi lake: Samsung wana One UI, Tecno wana HiOS, Infinix wana XOS. Kila vazi lina menyu zake, kamera yake na namna yake ya kubana chaji. Linashonwa upya na kujaribiwa kwa kila modeli, na simu inayotaka kubeba huduma za Google inapaswa pia kufaulu majaribio ya Google. Kampuni yenye modeli nyingi inaanza na zile za bei ya juu. Hapo ndipo simu za wengi wetu zinapokaa miezi mitano au sita zikisubiri zamu, na nyingine zamu yake haiji.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Aliyewahi kuona tembe la Kigogo likijengwa atanielewa: nguzo, fito na udongo wa paa vimeshikana, huwezi kubadili paa ukaacha nguzo zilivyo. Android ya kale ilikuwa hivyo. Ukigusa mfumo, unagusa na programu za chipu zilizofungamana nao, na kila toleo lilikuwa ni kubomoa na kujenga. Mwaka 2017, pamoja na Android 8, Google ilitenganisha sehemu hizo mbili katika mradi iliouita Treble. Paa likawa la bati, unaweza kuliezua na kuezeka jingine huku kuta zimesimama. Haikumaliza tatizo, ila ilipunguza muda.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu wa hapa, nalo ni simu za Dubai. Tunanunua simu zilizotumika, zilizotoka Dubai, Uingereza, Marekani au Korea Kusini, na jina lililoandikwa mgongoni ni lilelile. Ndani si lazima zifanane. Galaxy S24 ya Marekani ina chipu ya Qualcomm, wakati nchi nyingine nyingi ziliuziwa ile yenye chipu ya Samsung yenyewe, Exynos. Programu ya simu pia inabeba alama ya soko ilikokusudiwa, na zipo zinazobaki kusikiliza ratiba ya nchi zilikotoka hata zikiwa mfukoni mwa mtu wa Mpwapwa. Ndiyo maana mafundi waangalifu huuliza namba kamili ya modeli kabla ya kukujibu lolote. Simu feki nayo haina anayeiandalia sasisho. Kampuni ambayo jina lake limebandikwa mgongoni haiijui.

Na hata sasisho likiwa tayari kabisa, halimwagwi lote kwa mara moja. Mpishi wa shughuli hatii chumvi akaanza kupakua sahani mia mbili. Anadondosha mchuzi kidogo kiganjani, anaonja. Watengenezaji wengi wa Android hupeleka sasisho kwa sehemu ndogo ya simu kwanza, wanatazama kama kuna zinazojizima, zinazopoteza mtandao au zinazochemka, na zikiwa salama wanaongeza idadi. Nani awe wa kwanza mara nyingi ni bahati tu. Tahadhari hiyo ina sababu. Tarehe 24 Septemba 2014 Apple ilitoa iOS 8.0.1, na wenye iPhone 6 wakajikuta hawana mtandao wala alama ya kidole haisomi. Ikaondolewa baada ya saa moja hivi, na kesho yake likatoka jingine. Aprili 2025 Samsung nayo ilisimamisha kwa muda usambazaji wa One UI 7 siku chache tu baada ya kuuanza. Waliokuwa nyuma ya foleni hawakujua kilichotokea.

Hapa nilimgeuzia dada swali. Je, unajua kwamba simu yako tayari imepokea vitu vipya bila kukuambia? Tangu Android 10, ya mwaka 2019, baadhi ya sehemu za mfumo zinasasishwa kupitia Google Play, kimyakimya, kama programu nyingine yoyote. Mfano ninaoupenda ni kufuli la kutambua wizi. Mtu akikupokonya simu mkononi na kuondoka mbio, kwa miguu au kwa pikipiki, simu inauhisi mnyakuo huo na kujifunga skrini. Google ililitangaza kufuli hilo Mei 2024, ikalijaribu kwanza Brazili, kisha likaenea kwa simu za Android 10 na kuendelea. Haikuhitaji Android mpya. Hata hivyo simu za Android Go, zile zenye kumbukumbu ndogo, hazimo, wala vishikwambi. Tulifungua mipangilio ya Google kwenye simu ya dada, sehemu ya kuzuia wizi, na swichi ilikuwepo, imezimwa. Alikaa na simu hiyo mwaka mzima akipita nayo barabarani jioni bila kujua ina kinga hiyo.

Upande wa pili wa jambo hili unaniuma. Unaweza kupata toleo jipya na bado usipate kile kilichotangazwa. iOS 26 ilikuja na sura mpya ya vioo vinavyopitisha mwanga, na hiyo kila aliyesasisha aliipata. Ilikuja pia na tafsiri ya papo hapo katikati ya simu inayopigwa: wewe unaongea lugha yako, mwenzako anasikia yake. Hiyo inategemea Apple Intelligence, akili bandia ya Apple, ambayo haikubali iPhone yoyote chini ya 15 Pro. Na hata ukiwa na simu ya kutosha, iOS 26 ilipotoka Kiswahili hakikuwamo katika lugha zake. Lugha ambayo UNESCO imeipa siku yake duniani, Julai 7, haikuwamo. Kwa Google afadhali: menyu za Android zipo kwa Kiswahili tangu zamani, na msaidizi wao Gemini anajibu kwa Kiswahili.

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo mazungumzo hayakuweza kuacha kishikwambi. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022, vishikwambi walivyotumia makarani vilielekezwa kwa walimu, na chake anakitumia kuandalia masomo hadi leo. Kwa vishikwambi haya matoleo ya karibuni yana mambo mazuri kweli. iPadOS 26 inakuruhusu kufungua programu kadhaa kila moja kwenye dirisha lake na kulikuza unavyotaka, karibu kama kompyuta. Android 16 nayo imeanza kuwanyima watengenezaji wa programu ile ruhusa ya kung'ang'ania umbo la simu kwenye skrini pana, kwa hiyo programu zinazoandaliwa kwa ajili yake hazitabaki ukanda mwembamba katikati na weusi kushoto na kulia.

Kishikwambi cha dada hakitayaona. Tuliangalia tarehe ya kiraka cha usalama, yaani sasisho dogo la kuziba mianya ya wahalifu, na cha mwisho kilikuwa cha zamani. Mtengenezaji anaahidi miaka fulani ya kukihudumia kifaa, na ikiisha imeisha. Pixel 8, ya mwaka 2023, na Galaxy S24, ya 2024, ziliahidiwa miaka saba. Vifaa vya bei nafuu huwa vinaahidiwa michache sana, na vingine havikuahidiwa chochote. Umoja wa Ulaya umeliingiza jambo hili kwenye sheria: tangu Juni 20, 2025, simu na vishikwambi vipya vinavyoingizwa sokoni huko lazima viendelee kupata masasisho angalau miaka mitano tangu modeli inapoacha kuuzwa. Natamani na sisi tuulize swali hilo dukani kabla ya kuuliza kamera ina megapikseli ngapi.

Kwa sababu tarehe ya kiraka ina uzito kuliko namba ya toleo. Mwaka 2015 iligundulika kasoro iliyoitwa Stagefright, ambapo ujumbe mmoja wa video ungeweza kumfungulia mhalifu mlango wa simu ya Android. Agosti mwaka huo Google ilianza kutoa viraka kila mwezi. Simu ya Android ya miaka mitatu nyuma yenye kiraka cha mwezi uliopita ni salama kuliko yenye toleo jipya lililotelekezwa, na humo ndimo zilimo M-Pesa na Airtel Money zetu.

Binamu alikuwa na hofu nyingine: kwamba masasisho yanaua simu makusudi ili ununue mpya. Tuhuma hiyo haikuzuka hewani. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba iOS 10.2.1 ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka, ili zisizime ghafla, na wenye simu hawakuelezwa vya kutosha. Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza faini ya yuro milioni 25, na huko Marekani ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi. Lakini ule uzito wa siku mbili za kwanza ni kitu kingine. Baada ya sasisho, simu huzipanga upya programu zote ziendane na mfumo mpya na kuzipitia picha zako, kazi inayofanyika chinichini huku betri ikipata joto.

Wiki sita baadaye zamu ya dada ilifika. Alinunua bando la usiku, akaiacha inapakua hadi alfajiri, zaidi ya GB mbili. Mtandao ulikatika mara mbili na hakuna kilichoharibika, kwa sababu simu inapokea vipande, na kabla ya kuvikubali inahakiki saini ya kidijitali ya mtengenezaji, kisicholingana kinatupwa. Kisha ikasimika mfumo mpya huku yeye akiendelea kutuma ujumbe, jambo linaloshangaza wengi. Simu nyingi za sasa zina nafasi mbili za mfumo. Unaishi kwenye chumba cha kwanza, fundi anatengeneza cha pili, na ukizima na kuwasha unaamkia chumba kipya. Kama cha pili kina kasoro na simu ikashindwa kuwaka, inarudi yenyewe kwenye kile cha zamani.

Alibonyeza kitufe cha kuwasha upya akiwa kwenye daladala ya kwenda shuleni. Kabla ya kushuka ilikuwa imeshawaka. Siku ile na iliyofuata ilipata joto na kula chaji, akanipigia kulalamika. Siku ya tatu ilikuwa imepoa.